Maswali ya Machi jijini Nairobi: kivuli, mvua, vitendawili na vichekesho

Machi ikishafika katikati, maswali hunijia kila upande: watoto wa ploti, mama mboga, wenzangu wa kazini, shangazi akipiga simu kutoka nyumbani. Hapa nimeweka yale yanayorudi kila mwaka, pamoja na mafumbo ya kupitishia jioni ya mvua. Majibu ya mafumbo yako mwisho kabisa. Tafadhali usiyakimbilie.

Simu yangu imeandika kwamba leo majira ya kuchipua yameanza. Kwani Nairobi tunayo?

Hatuna. Ujumbe huo umetungiwa watu wa kaskazini ya dunia, ambako miti ilipukutisha majani yote, na sasa, tarehe 20 au 21 Machi, jua linavuka ikweta kuelekea kwao. Mchana wa Disemba kule London haufiki saa nane, na wa Juni unapita saa kumi na sita. Mtu aliyetoka kwenye giza la namna hiyo ana kila haki ya kusherehekea. Sisi tuko kilomita 140 hivi kusini mwa ikweta. Ukichukua mchana wetu mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa, tofauti haizidi dakika kumi.

Tulicho nacho sisi ni kiangazi kinachokatika na masika yanayoingia. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko maua ya London, na ndiyo sababu siku hizi za Machi nazipenda kupita siku zote za mwaka.

Na jakaranda je? Si ndizo maua yetu ya majira hayo?

Jakaranda huchanua kati ya Septemba na Novemba, na asili yake ni Amerika Kusini. Zinapendeza mno, lakini Machi si mwezi wake.

Ni kweli siku hiyo mchana na usiku hulingana sawasawa?

Karibu, si sawasawa. Mchana huzidi kidogo kwa sababu mbili. Kwanza, tunaanza kuhesabu mchana pale ukingo wa juu wa jua unapochomoza, hatungoji katikati yake. Pili, hewa hupinda miale, kwa hivyo tunaliona jua kabla halijatokeza hasa, na jioni tunaendelea kuliona hata likishazama. Ndiyo maana hata kwenye ikweta yenyewe mchana una saa kumi na mbili na dakika saba hivi, mwaka mzima.

Nilisikia kuna siku kivuli hupotea Nairobi. Ni hadithi?

Si hadithi, na huu ndio mchezo ninaompa kila mtoto anayeniuliza “nifanye nini leo”. Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: mnamo tarehe 17 Machi, likiwa safarini kwenda kaskazini, na mnamo tarehe 26 Septemba likirudi kusini. Siku hiyo, kwa dakika chache, kitu kilichosimama wima hakina kivuli pembeni. Nguzo ya taa inakanyaga kivuli chake chenyewe.

Wengi hukosea saa. Hutoka nje saa sita kamili ya mchana, wakaona kivuli kipo, wakarudi ndani wakisema wameongopewa. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi Kenya popote. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Nairobi iko magharibi yake kwa nyuzi nane na kitu, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hivyo jua letu linachelewa zaidi ya nusu saa. Ongeza dakika nane hivi zinazotokana na jinsi dunia inavyolizunguka jua mwezi wa Machi, na utaona kwamba jua linafika utosini saa sita na dakika arobaini.

Tafuta kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja. Kichimbie pahali tambarare. Ili ujue kimesimama wima, funga jiwe kwenye uzi, ulining'inize kando yake, ukilinganishe na uzi kwa pande mbili. Kisha kaa hapo kuanzia saa sita na nusu, uweke alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Utaona kivuli kinavyojikunja kuja mguuni, kinatoweka, halafu kinachomoza upande wa pili. Wingu likikuharibia siku yenyewe usife moyo: hata siku tatu baadaye kivuli cha kijiti hicho hakizidi sentimita mbili au tatu. Nimeona watu wazima, tena wa suti, wakichuchumaa kutazama jambo hili na kusahau chakula cha mchana.

Lile beseni la maji pale ikweta Nanyuki, maji kuzunguka kulia upande mmoja na kushoto upande mwingine, ni kweli?

Nguvu inayozungumziwa ipo kweli. Dunia ikizunguka, inapinda upepo na mikondo ya bahari, na ndiyo inayofanya vimbunga vya kaskazini vizunguke kinyume na vya kusini. Lakini nguvu hiyo inahitaji mamia ya kilomita ili ionekane. Ndani ya beseni, hatua chache kutoka kwenye mstari, ni hafifu kabisa. Kinachoamua maji yazunguke wapi ni jinsi yalivyomiminwa, umbo la beseni, na mkono wa anayelishika. Ukienda Nanyuki, tazama kwa furaha na umlipe kijana wa watu kwa kazi yake. Ila mwombe amimine maji, ayaache yatulie kwa muda mrefu, halafu afungue tundu bila kuligusa beseni.

Na yai kusimama wima siku ya Machi 20?

Yai husimama siku yoyote ukiwa na subira na meza isiyoteleza. Ganda lina vinundu vidogo vidogo, na vitatu vikikutana chini, limesimama. Jua halihusiki.

Kwa nini sisi husema saa moja na saa ya ukutani inaonyesha saba?

Kwa sababu siku yetu inaanza jua linapochomoza, na huku kwetu jua halina tabia ya kuhamahama sana. Nairobi hulitoa mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba na kulichelewesha zaidi mwezi wa Februari, na kati ya hapo tofauti ni nusu saa tu. Mtu wa Ulaya hangeweza kuhesabu hivyo. Jua lake la asubuhi halitabiriki kwa mkulima wala kwa mwadhini bila kutazama kitabu. Hesabu yetu imetoka mbinguni moja kwa moja, na sioni sababu ya kuionea haya ofisini.

Tena ina siri nzuri. Namba tunayoitaja hukaa mkabala kabisa na namba inayoonyeshwa na mshale mfupi: saba na moja, nane na mbili, tisa na tatu. Hapo ndipo linapotoka fumbo la kwanza.

*Fumbo la saa.* Saa ya ukutani haina namba, ina vistari tu. Fundi ameipigilia juu chini. Mama mwenye nyumba haoni kasoro. Anaisoma kama kawaida na kuitaja kwa saa za Kiswahili moja kwa moja, bila kuongeza wala kupunguza sita. Mshale upi unamwambia kweli, mfupi au mrefu?

Mvua itaanza lini hasa?

Masika yetu ni Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Nairobi. Tarehe hasa watafute watu wa Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, ambao ndiyo kazi yao. Mimi nitakueleza tu kwa nini inakuja sasa.

Rudi kwenye kile kijiti. Jua likipita utosini, ardhi inapata joto kali, hewa inapanda, na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinaingia kujaza nafasi. Ukanda wa mawingu hulifuata jua ukiwa nyuma yake kwa majuma kadhaa. Kwa kuwa jua linatupita mara mbili, tunapata mvua mara mbili: masika sasa, vuli kuanzia Oktoba. Aliyepima kivuli Machi 17 ameshaonyeshwa sababu ya mvua itakayomlowesha Aprili.

Na hapa naomba niseme jambo bila mzaha. Mvua ileile inayotufurahisha sisi wenye mabati mazima inawatoa watu vitandani Mathare na Mukuru. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Ukiwa na jirani anayeishi kando ya mto, mpigie simu mapema, kabla ya wingu kufunga. Ukiwa na chumba, mwambie kipo.

Ile harufu ya tone la kwanza inatoka wapi?

Udongoni. Kuna bakteria wadogo wanaotengeneza kitu kinachoitwa jiosmini, na mimea nayo huacha mafuta yake kwenye mawe na udongo wakati wa ukame. Tone likianguka kwenye udongo mkavu hunasa viputo vya hewa, navyo vikipasuka hurusha harufu hiyo juu. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, ndio walioipa jina la kitaalamu mwaka 1964. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Mimi naona udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu hunukia vizuri kuliko ule mweusi wa Embakasi unaonata viatuni, ila wa Embakasi hawakubali, na mjadala huo haujaisha.

Wale wadudu wenye mabawa wanaojaa kwenye balbu usiku baada ya mvua ni nini, na nifanyeje?

Ni kumbikumbi, na huna haja ya dawa. Hao ni mchwa waliokomaa, madume na majike, waliongoja chini ya ardhi hadi mvua ilainishe udongo. Wakipata ishara hiyo hutoka vichuguu vyote vya mtaa kwa wakati mmoja, ili wa kichuguu hiki akutane na wa kile. Safari yenyewe ni fupi. Wakitua, mabawa yanakatika, na wale wawili wawili waliobahatika huandamana kutafuta ufa wa kuanzia makao mapya.

Ukitaka kuwaona vizuri, zima taa ya ndani, acha ya nje, ukae kwenye ngazi. Mabawa ni manne, marefu kuliko mwili, rangi ya chai ya rangi iliyokolea maji. Mdudu anajikunja, anasugua mgongo ukutani, na mabawa yote manne yanadondoka karibu kwa pamoja, yakimwacha mwekundu na mdogo, anakimbia. Asubuhi utafagia mabawa matupu ngazini na hutamwona mwenyewe hata mmoja. Ndege, paka, na watoto wa kutoka magharibi ya Kenya wameshapita. Huko kumbikumbi hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, wakaliwa na ugali, na anayesema hapendi mara nyingi hajawahi kuonja.

Mbona mbayuwayu wamepungua angani?

Wanaenda kwao. Mbayuwayu wengi unaowaona wakipita chini chini juu ya uwanja wa shule kuanzia vuli wamekimbia baridi ya Ulaya, na kati ya Machi na Aprili wanarudi huko kuzaliana. Kila mmoja ana gramu 20 hivi, na atavuka Sahara kwa mabawa yake. Wazungu wakimwona hufurahi kwamba majira yao ya kuchipua yamefika. Sisi tunajua alikuwa wapi wakati huo wote, alikuwa anakula mbu wetu.

Pasaka huamuliwaje? Mwaka huu huku, mwaka ujao kule.

Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya kanisa. Kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25. Ramadhani nayo hufuata mwezi peke yake, bila jua, ndiyo maana kila mwaka inatangulia kwa siku kumi au kumi na moja.

Waswahili hawakuwahi kuwa na mwaka mpya wa jua wao wenyewe?

Walikuwa nao, na wanao: Nairuzi. Uajemi husherehekea Nowruz papo hapo jua linapovuka ikweta mwezi wa Machi. Pwani yetu ilipokea sherehe hiyo zamani na kuifanya ya kwake, na mabaharia na wakulima wakahesabu siku kumi kumi, yaani miongo, tangu Nairuzi, ili wajue lini kusafiri na lini kupanda. Mwaka wao ulikuwa wa siku 365 tu, bila ile siku ya ziada ya Februari, kwa hivyo sikukuu ikateleza polepole ndani ya kalenda. Leo Makunduchi, Zanzibar, huisherehekea mwezi wa Julai kama Mwaka Kogwa, na wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe. Natamani watoto wa Nairobi wafundishwe hili darasani pamoja na majina ya pepo za kusi na kaskazi.

Vitendawili huchezwaje? Watoto wangu wamezoea simu tu.

Subiri stima ipotee, masika yatakusaidia. Mtegaji anasema “Kitendawili!” Wote wanaitikia “Tega!” Anatega, wanakisia. Wakishindwa, anadai: “Nipeni mji.” Wanampa, tuseme Kisumu. Hapo asiseme jibu kavu kavu. Ni lazima asafiri kwanza: “Nilienda Kisumu, nikapokewa vizuri, nikala ngege mzima na ugali nikashiba, watu wa Kisumu wakanisindikiza hadi stendi, wakaniambia jibu ni…” Safari ndiyo utamu wenyewe. Mtoto anayeona haya kusema mbele ya watu hujikuta ametunga hadithi bila kujua. Usiwakatize, na usimcheke anayerefusha.

Anzia hivi:

Kila niendapo ananifuata.
Nyumba yangu haina mlango.
Nyumba yangu ina nguzo moja.
Huku ng'o, kule ng'o.
Kuku wangu katagia miibani.
Mzungu yuko ndani, ndevu ziko nje.

Na hiki nimekitunga mwenyewe: Mgeni kaja usiku, nguo kaziacha mlangoni, mwenyewe hayupo.

Tupe na la kuumiza kichwa kidogo.

*Fumbo la maji.* Mfereji umekauka, umebaki na pipa la maji. Una ndoo mbili, ya lita 5 na ya lita 3, hazina alama yoyote. Jirani anataka lita 4 kamili za kupikia. Utampimiaje, bila kumwaga hata tone chini?

*Fumbo la giza.* Stima imepotea saa kumi na moja alfajiri. Kwenye droo kuna soksi nyeusi kumi na za kahawia kumi, zimechanganyika. Utoe ngapi gizani ili uwe na hakika ya kupata mbili za rangi moja?

Na vichekesho?

Viwili vya mtaani kwetu, ambavyo huwa haviishi nguvu.

Makanga anapiga kelele stejini: “Imebaki ya mmoja! Ya mmoja tu, twende!” Mama anapanda mbio na kikapu chake, anakuta viti saba vitupu. “Kijana, si umesema imebaki ya mmoja?” “Ndiyo, mathe. Kwani wewe utakalia vingapi?”

Mtoto: “Baba, mvua hunyesha ya nini?” Baba: “Ili mimea iote tupate chakula.” Mtoto: “Sasa mbona inanyesha hadi barabarani?” Baba akayatazama yale mashimo yote yaliyojaa maji hadi kwenye kona, akasema: “Hapo wanafuga samaki.”

Ukitaka kirefu zaidi, mtafute Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake: “Ilikuwa na mimba, imezaa.” Jirani akapokea vyote viwili kwa furaha. Mara ya pili akaazima, hakurudisha. Alipoulizwa, alitoa pole: “Sufuria yako imekufa.” “Sufuria hufaje?” “Wewe uliyekubali kwamba ilizaa, kufa kunakushangaza nini?” Kila nikiisimulia nyumba inacheka, halafu kuna mzee mmoja lazima atataja mkopo aliowahi kuchukua.

Unapata wapi muda wa mambo haya yote?

Foleni. Jogoo Road saa mbili usiku kukinyesha, gari limesimama, dirisha limejaa mvuke. Tega kitendawili kwa sauti na utashangaa ni nani atakayejibu kwanza. Mara nyingi ni yule uliyemdhania amelala. Siku moja ya Machi dereva mwenyewe alizima redio akadai apewe mji, tukampa Lamu, na safari yake ya Lamu ilitufikisha Donholm.

Haya, majibu.

Vitendawili, kwa mpangilio: kivuli, yai, uyoga, giza, nanasi, hindi. Changu ni kumbikumbi.

Saa: mshale mfupi unasema kweli daima, kwa kuwa namba ya Kiswahili iko mkabala na namba ya saa. Mshale mrefu ndio unaomkosesha, nusu saa kila wakati.

Soksi: tatu. Rangi ni mbili tu, kwa hivyo ya tatu lazima ifanane na moja kati ya zile mbili za kwanza.

Maji: jaza ndoo ya lita 5, mimina kutoka kwake hadi ya lita 3 ijae. Zimebaki 2. Rudisha zile 3 pipani, kisha hamishia zile 2 kwenye ndoo ndogo. Jaza tena ndoo ya lita 5 na ujazie ndogo, ambayo sasa inahitaji lita 1 pekee. Kwenye kubwa zimebaki 4, mpe jirani. Zile 3 za ndoo ndogo zirudi pipani.